Nisabu ya Serikali ni Kiasi Gani? Barua ya Wazi kutoka Wete

Waheshimiwa mliopewa dhamana ya fedha na mapato, wa Mjini Unguja na wa Dodoma pia,

Assalaam alaykum.

Mimi ni mwalimu wa skuli ya sekondari hapa Wete. Mshahara wangu hukatwa kodi kabla sijauona, na kwa hilo sina neno. Lakini ukija mtaani ukaniulizia kwa ualimu utazunguka sana. Uliza "mpishi wa biriani", mtoto yeyote wa chuoni atakufikisha mlangoni. Ufundi huo niliupata kwa ami yangu, Mungu amrehemu, aliyenifundisha kupalia makaa juu ya kifuniko cha sufuria zamani, hata ndevu sijaota. Kukiwa na harusi au khitma huitwa, nikakesha na moto, na shughuli ikimalizika mwenyewe hunitia bahasha mkononi. Mara elfu thelathini, mara elfu hamsini. Mara mguu wa mbuzi na dua.

Bahasha ndiyo iliyonifanya nikuandikieni: kipato kidogo kama hicho, serikali inakidai kodi kuanzia kiwango gani?

Mfunguo pili uliopita, mwezi wa pili baada ya Ramadhani, tulikuwa Mtambwe. Wageni wameshakula, vijana wanasugua masufuria kwa mchanga, mwenye harusi akaja akanipa changu. Kijana mmoja anayesoma chuo huko Unguja akapaza sauti: "Mwalimu! Ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti!" Watu wakacheka, na mie nikacheka. Nilipofika nyumbani kicheko kikakatika. Maana ni mie huyu huyu ninayesimama mbele ya watoto wa watu nikawaambia kodi ni wajibu wa raia. Sasa hii ya kwenye bahasha je? Naitangaza? Kwa nani? Au ni riziki ndogo ambayo serikali haiitazami?

Nilikwenda kuuliza. Ofisi sitoitaja, kwa kuwa sikwenda kushitaki mtu. Dirisha la kwanza nikaambiwa wao wanashughulika na wenye maduka. La pili nikaambiwa nifungue TIN kwanza, yaani namba ya mlipakodi, mengine yatajulikana baadaye. Yatajulikana vipi, sikujibiwa. Nikatoka na fomu.

Nisingeendelea kujisumbua kama ingekuwa yangu peke yangu. Ila jirani yangu, mjane, anatia hina na piko. Msimu wa harusi anapata, Ramadhani hapati kitu mpaka zile siku tatu za mwisho kabla ya Sikukuu, ndipo wanawake wanapanga foleni mpaka usiku wa manane. Siku nyengine utamkuta pwani na mwani wake. Akaja kwangu jioni moja, buibui bado lina maji ya bahari.

"Mwalimu, ati pesa ya hina nayo yatakwa kodi?"

"Nani kakwambia, bi mkubwa?"

"Kaja kijana ana mkoba, ana kadi shingoni. Kasema bila ya kibali cha kodi siruhusiwi kumtia hina mtu. Nimempa elfu ishirini."

"Kakupa risiti?"

"Kanipa namba ya simu."

Namba ile haikupatikana tena. Sijui kijana alikuwa nani, na sina ushahidi kuwa katumwa na ofisi yoyote. Mimi naamini hakutumwa. Kilichoniuma ni kwamba yule mama hakuwa na lolote la kumjibu. Angekuwa na sentensi moja tu ya kumwambia, elfu ishirini ingebaki kwenye pindo la kanga.

Na sentensi hiyo ipo. Imo ndani ya sheria zenu wenyewe.

Waheshimiwa, huku kwetu hakuna bibi asiyejua habari ya nisabu. Hakusoma, simu anashikiwa na mjukuu, lakini mtajie zaka atakueleza: mali mpaka ifike kiwango, gramu 85 za dhahabu au thamani yake, ikae mwaka mzima, ndipo itoke mbili na nusu katika mia. Aliye chini ya hapo hadaiwi, na wala haendi kwa kadhi kuapa kwamba hana. Hayo aliyajua kwa kuwa kuna mtu alikaa kwenye jamvi akasomesha, mwaka baada ya mwaka. Serikali nayo ina nisabu yake. Darsa yake ndiyo hatujapata kuisikia.

Basi nikaisaka mwenyewe. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, nakala niliyoipata ni ya Kiingereza, ingawa Bunge lilikwishapitisha mwaka 2021 kwamba lugha ya sheria iwe Kiswahili. Nilisoma wiki mbili na kamusi pembeni. Niliyoyakuta nayaeleza kwa maneno ya barzani, na nikikosea nisahihisheni hadharani, nitashukuru.

La kwanza lilinitia baridi. Sheria inapoeleza biashara ni nini haiishii kwenye duka na leseni. Inaingiza pia jambo la mara moja tu, ilimradi lina sura ya biashara. Kwa hiyo ile kauli yetu ya mtaani, "mie sina biashara, nabahatisha tu", haimtoi mtu. Bakshishi pia haimtoi: zawadi na ahsante anazopewa mtu kwa sababu ya biashara yake zinahesabiwa katika mapato ya biashara hiyo. Wale vijana wa Nungwi wanaotembeza wageni, wanaosema "mimi sitozi, mgeni ananipa akipenda", na wao wamo.

Lakini mstari unaofuata unalegeza kamba. Haihesabiwi kuwa biashara shughuli ambayo, ukiitazama ilivyo na ukiitazama kazi kuu ya mwenyewe, haifanywi kwa nia ya kupata faida. Hapo nilifunga kitabu nikajiuliza kwa ukweli: mie napika kwa nia gani? Khitma ya jirani napika bure, na atakayenipa pesa msibani namrejeshea. Harusi ya tajiri wa Chake nataja bei kabla sijawasha kuni. Basi nusu yangu ni mfanyabiashara na nusu ni jirani, na nadhani watu wengi wa Pemba wako hivyo hivyo. Mwanasheria aliyeandika mstari ule alikuwa na hekima. Ila hekima yake iko ndani ya kurasa ambazo yule mama wa hina hatozifungua maishani.

Sasa nisabu yenyewe. Mtu binafsi mkaazi, ambaye mapato yake yote ni ya biashara ndogo hapa hapa nchini, hutozwa kwa kukisiwa kulingana na mauzo ya mwaka. Mauzo yakiwa hayazidi shilingi 4,000,000, kodi ya mapato ni sifuri. Sifuri, waheshimiwa. Na sheria hiyo hiyo inasema mkaazi asiye na kodi ya kulipa kwa mwaka huo halazimiki kupeleka ritani, ile fomu ya kutangaza mapato ya mwaka, isipokuwa Kamishna wa kodi amtake kwa maandishi. Hina ya harusi kumi na tano na ya Sikukuu mbili, hata ukiongeza mwani wa mwaka mzima, kwa yule mama haifiki hata nusu ya milioni nne. Mimi na yeye tumeihesabu kwa kokwa za ukwaju kwenye sinia. Jibu alilostahili kumpa yule kijana wa mkoba lilikuwa hili: "Mwanangu, mauzo yangu hayafiki milioni nne kwa mwaka, sidaiwi."

Kule Bara kiwango hiki kilisikika sana Disemba 2018, vilipotolewa vile vitambulisho vya wajasiriamali vya shilingi 20,000 kwa wenye mauzo yasiyozidi milioni nne. Mtu alikivaa shingoni na nisabu yake. Unaweza kukosoa mengi katika mpango ule, na mimi nina yangu, lakini mchuuzi aliijua namba.

Hebu sasa tuingie kwenye lile linalonikera zaidi, ambalo kidogo linatoka nje ya vijisenti vya msimu, ila lazima niliseme. Kipimo ni mauzo, si faida. Milioni nne ukiigawa kwa siku 365 haifiki elfu kumi na moja kwa siku. Kuna mama hapa karibu na bandari anauza mandazi na chai. Anauza kama elfu ishirini na tano kwa siku. Toa unga, mafuta, sukari na mkaa, anarudi nyumbani na elfu tano. Tuseme anafanya kazi siku 300. Mauzo yake ni 7,500,000. Faida yake ni 1,500,000. Kwa viwango vilivyowekwa 2019, mwenye mauzo kati ya milioni saba na milioni kumi na moja asiyeweka hesabu hutozwa 250,000 moja kwa moja. Mwenye hesabu hulipa 90,000 na asilimia 3 ya kilichozidi milioni saba, yaani kwa mama yetu 105,000. Tofauti ni 145,000, na kinachoileta ni daftari la shilingi elfu moja na kalamu. Kwa anayeuza milioni nne na laki mbili tofauti inachekesha zaidi: mwenye daftari analipa 6,000, asiyenalo analipa 100,000.

Nani kamwambia? Mimi nimeishi naye mtaa mmoja miaka kumi na tisa sijapata kuona mtu kamletea daftari. Karatasi za kudai kodi ndizo nimeziona. Na huyo huyo, kama milioni yake moja na nusu ingekuwa mshahara, asingelipa hata senti, kwa sababu mshahara wa 125,000 kwa mwezi haukatwi kitu. Jambo hili nimelieleza darasani, mwanafunzi wa kidato cha tatu akaniuliza, "Sasa mwalimu, kosa lake ni kuuza mandazi?" Sikuwa na jibu, nikafuta ubao.

Upande wa pili wa upanga uko kwangu. Ule utaratibu wa kukisiwa ni wa mtu ambaye mapato yake yote yanatokana na biashara. Mwenye mshahara hayumo. Mimi sina nisabu ya milioni nne. Bahasha zangu, kwa jinsi ninavyoisoma sheria, zinapandishwa juu ya mshahara, na kwa kuwa mshahara wangu uko kwenye daraja la asilimia 20, kila shilingi ya faida ya biriani inatozwa asilimia hiyo hiyo kuanzia shilingi ya kwanza. Mwaka jana niliandika kila kitu. Shughuli za kulipwa zilikuwa kumi na nne, nikapata 610,000. Nikitoa nauli na miko iliyovunjika inabaki kama 540,000. Asilimia 20 yake ni 108,000.

Nitalipa. Nasema hivi kwa jina langu la ualimu, si kwa kujionesha. Lakini niambieni ukweli: ni mwalimu gani anayesomesha twisheni jioni, ni muuguzi gani anayeshona nguo usiku, ni karani gani anayepiga kinanda kwenye taarabu, aliyewahi kuandika ritani kwa ajili ya elfu arubaini ya mwisho wa wiki? Na je, ofisi zenu zingetaka kweli kupokea karatasi za watu wote hao, kila mmoja na bahasha zake? Gharama ya kuzifungua ingekula kodi yenyewe. Sheria ambayo hata mwenye kuisimamia haitarajii ifuatwe inatufundisha tabia mbaya, waheshimiwa. Inatuzoesha kucheka mtu akisema "toa risiti".

Shemeji yangu yuko London miaka mingi, anasokota sambusa za watu kila Ramadhani. Nilimpigia simu nikamuuliza wao wanafanyaje. Akaniambia, na baadaye nikahakikisha, kwamba Uingereza tangu Aprili 2017 mtu anaruhusiwa kupata mpaka pauni 1,000 kwa mwaka kutokana na vibiashara vidogo kama hivyo, kabla ya kutoa gharama, bila ya kuwa na haja ya kuzitangaza. Hata mwenye ajira yake pia anaruhusiwa. "Ikipita elfu naandika, haijapita nalala," alinambia. Sisemi tuige pauni za watu. Namwonea wivu usingizi wake.

Basi ombi langu la kwanza ni kwa mlioko Dodoma, kwa sababu kodi ya mapato ni jambo la Muungano, limo kwenye Nyongeza ya Kwanza ya Katiba, na Baraza letu la Wawakilishi halina mkono wa kuibadilisha. Wekeni nisabu kwa mwenye mshahara anayepata vijisenti vya pembeni. Kiwango kiwe chenu, mnajua hesabu za nchi kuliko mimi. Mimi ningetaja milioni moja kwa mwaka. Chini ya hapo asitangaze, juu yake atangaze kilichozidi. Mtapoteza kidogo sana, maana hivi sasa hamuipati.

Kwa mlioko Mjini Unguja, nalijua jibu litakalokuja: hiyo ni kazi ya TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, sisi ni ZRA, Mamlaka ya Mapato Zanzibar. Ni kweli. Lakini yule mama wa hina hajui kuwa TRA inakusanya ya Muungano na ZRA inakusanya ya Zanzibar, na kwamba leseni ni habari ya baraza la mji. Kwake yeye nyote ni "watu wa kodi". Kaeni pamoja asubuhi moja mwandike karatasi moja, upande mmoja tu, kwa Kiswahili cha watu. Iseme nani hadaiwi. Iseme kama asiyedaiwa anahitaji TIN au hahitaji, kwa sababu hapo ndipo madirisha yenu yanapotupiana mpira. Iseme mchumaji wa karafuu anayelipwa kwa pishi anahesabiwa mwajiriwa au mfanyabiashara. Nimeuliza watu watatu wenye shahada nikapata majibu manne. Iseme ofisa wa kweli anatambulika vipi, na kwamba hapokei pesa mkononi. Ibandikwe kwa kila sheha, bandarini Mkoani na hapa Wete, na kwenye vituo vya karafuu kabla msimu haujaanza, kwa sababu wakati ule ndipo kila mtu Pemba anaposhika noti, na wenye mikoba nao hushuka. Isomwe redioni baada ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Na masheikh wetu, kama mtawaomba, sioni kwa nini wasiitaje pale wanaposomesha zaka; watu watacheka kidogo mwanzoni, kisha watakariri.

Madaftari nayo. Sifanyi mzaha. Pelekeni daftari kwa wauza mandazi, lenye safu tatu: tarehe, nilichouza, nilichonunua. Wanafunzi wangu wa somo la biashara wako tayari kukaa nao jioni wakawafundisha, nimeshawauliza, wamekubali kwa sharti la chai na mandazi ya bure, sharti ambalo itabidi liandikwe kwenye safu ya tatu.

Ritani ya mwaka hufungwa 30 Juni. Yangu nimeijaza kwa penseli: mshahara, biriani, gharama, 108,000. Jumamosi ijayo nina harusi Konde, kilo sitini za mchele, na bahasha ya huko itaandikwa usiku huo huo. Kama nimesoma sheria vibaya, nijibuni kabla ya Juni nifute. Kama nimesoma sawa, nijibuni pia, niipitie kwa wino.

Wenu,
Mwalimu na mpishi wa shughuli,
Wete, Pemba